Aliyelipwa Kutazama Runinga

Ukisoma historia fupi ya televisheni ya Kenya, ile ambayo kila mtu huinakili kutoka kwa mwenzake, utakutana na majina mawili ya mahali kabla hujakutana na jina la mwigizaji hata mmoja. La kwanza ni Limuru. Mwaka wa 1962 mtambo wa kwanza wa kurusha picha uliwekwa huko, katika nyumba ya shambani, na nguvu yake ilifika maili 15 tu kila upande. La pili ni Timboroa. Huko ndiko ulikowekwa mtambo wa pili, ili watu wa Kisumu na viunga vyake nao waone kilichoonwa na watu wa Nairobi.

Mimi ni mtoto wa mgongo huo wa Timboroa, na sentensi hiyo moja imenifurahisha tangu niisome. Kwetu hakuna mambo mengi ya kujivunia vitabuni. Kuna viazi, kuna kondoo, kuna msitu, kuna baridi ya kumfanya mtu avae koti mwezi wa Januari. Kuna reli ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ambayo hapa karibu inapanda hadi futi 9,136 kabla ya kuanza kuteremka. Na urefu huo ndio uliowaleta mafundi wa televisheni. Mawimbi ya picha husafiri kama mwanga wa tochi: yakigonga mlima, yamekwisha. Ukitaka yavuke Bonde la Ufa na kuteremka hadi ziwani, lazima uyapandishe kwanza mahali pa juu, uyapokee, uyatie nguvu, kisha uyarushe tena. Timboroa palikuwa ngazi.

Basi picha zilipitia kwetu. Lakini kuna kazi moja ambayo kwingineko ilifuata televisheni kama kivuli, na ambayo huku haikufika. Ni kazi ya mhakiki wa televisheni: mtu anayelipwa na gazeti akae kitini, atazame kile kile ambacho majirani zake wametazama, kisha aandike kama kilikuwa kizuri, kibaya au uongo mtupu. Hasara ya kumkosa mtu huyo, nadhani, imekuwa kubwa kuliko tunavyofikiri.

Nchi iliyoikuza kazi hii ni Uingereza. BBC ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, London, na mapema kabisa mwanamke mmoja, Grace Wyndham Goldie, aliyekuwa akihakiki tamthilia za redio katika jarida la The Listener, akaanza kuandika pia juu ya picha hizo ambazo watu wachache sana walikuwa na uwezo wa kuzipata. Baadaye aliajiriwa na BBC yenyewe, akawa mmoja wa watu waliounda vipindi vyake vya siasa. Vita vilipoisha na matangazo kurudi mwaka wa 1946, magazeti ya kila siku nayo yakaanza kuona kwamba hiki kidude hakiondoki. Peter Black aliandika katika Daily Mail kuanzia miaka ya 1950. Dennis Potter alikuwa mhakiki wa Daily Herald mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla hajawa mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia za runinga. Nancy Banks-Smith aliingia The Guardian mwishoni mwa muongo huo. Clive James, kijana kutoka Australia, alishika safu ya The Observer kutoka 1972 hadi 1982, na watu walinunua gazeti la Jumapili wakaanza kulisoma kwa ukurasa wake.

Kazi yenyewe, usidhani ilikuwa ya starehe. Zamani kipindi kilionekana mara moja tu, wakati kinarushwa. Mhakiki wa gazeti la kila siku alitazama jioni nyumbani kwake, akiandika gizani, kisha akayasoma maneno yake kwa simu mtu wa ofisini akiyanakili, kabla mitambo ya kuchapa haijaanza kunguruma. Hakuwa na nafasi ya kurudisha nyuma aone tena. Kanda za video zilipoenea ndipo vituo vilipoanza kuwatumia wahakiki vipindi mapema.

Kilichoipa kazi hiyo maana ni hesabu ndogo tu. Kabla ya Channel 4 kuanza Novemba 1982, Waingereza walikuwa na chaneli tatu. Ukiandika asubuhi juu ya kipindi cha jana, nusu ya watu walio kwenye basi wamekiona. Mhakiki wa kitabu huandikia watu ambao hawajakisoma. Anawashauri wakinunue au wakiache. Mhakiki wa runinga aliwaandikia watu waliokwisha kutazama. Ushauri haukuwa na faida tena. Alichowapa ni maneno ya kile walichokihisi jana bila kupata jina lake. James, kwa mfano, hakujifungia kwenye tamthilia kubwa. Aliandika juu ya watangazaji wa michezo, mashindano ya nyimbo, hata lafudhi ya msoma habari. Alisema, kwa matendo yake, kwamba chochote kinachoingia sebuleni mwa watu milioni kinastahili kufikiriwa.

Na hapa ndipo historia inapoingia. BBC ilifuta kanda zake nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Kanda zilikuwa ghali, rafu zilikuwa zimejaa, na hakuna aliyedhani mtu angetaka kuona kipindi cha juzi. Sehemu zaidi ya 90 za Doctor Who hazipo hadi leo. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimepatikana, na unajua zilipatikana wapi? Katika kituo cha kurushia matangazo huko Jos, Nigeria, mji wa nyanda za juu, mahali pa baridi kama kwetu. Filamu zilikuwa zimeuzwa Afrika, zikaonyeshwa, zikasahauliwa kwenye rafu.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, nikatazama upande wa mlima wetu. Lakini jambo lililonikaa ni lingine. Vile vipindi ambavyo havikupatikana Jos wala popote, Waingereza bado wanajua kidogo vilikuwaje. Wanajua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipwa kutazama. Safu zake zimehifadhiwa maktabani pamoja na gazeti. Kanda imefutwa, shahidi amebaki.

Sasa tuje kwetu. Sauti ya Kenya, yaani VoK, ilizaliwa 1964 serikali ilipolitwaa shirika la utangazaji, ikawa chini ya wizara hadi 1989, ilipogeuzwa kuwa KBC tena. Kwa karibu miaka 30, hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990, televisheni ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mmoja. Ukifungua gazeti la miaka hiyo unakuta ratiba: saa ngapi wimbo wa taifa, saa ngapi taarifa ya habari, saa ngapi Vioja Mahakamani. Unakuta barua kwa mhariri za watu wanaolalamika kwamba picha zinakatika. Unakuta picha ya mwigizaji siku akioa au akizikwa. Safu ya kila wiki ya mtu anayekaa na kuuliza, je, kipindi hiki kinasema nini, na kinasema kweli? Hiyo haikupata mizizi.

Sababu si za kutafuta na tochi. Kwanza, kusema taarifa ya habari ilikuwa mbovu kulikuwa karibu na kusema serikali ilikuwa mbovu, maana taarifa ilianza na Rais, alikoenda, alichosema, na harambee aliyoongoza. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kila Jumapili kwa safu ya Whispers, alikamatwa na kufungwa mwaka wa 1986 katika msako wa Mwakenya. Mwandishi aliyetaka kula na watoto wake alijifunza kujicheka mwenyewe kabla ya kumcheka mkubwa. Pili, televisheni zilikuwa chache na gazeti lilichelewa. Timboroa gazeti la asubuhi lilishuka kwenye basi mchana, likiwa limekunjwa, na likasomwa na watu kumi. Hakukuwa na ile asubuhi moja ya pamoja kama ya London.

Sababu ya tatu ni ya kwetu sisi wasomi wa Kiswahili, na inaniuma kidogo. Uhakiki tulifundishwa shuleni, tena kwa bidii. Tulihakiki riwaya, tamthilia na mashairi: maudhui, wahusika, mandhari, tamathali za usemi. Taifa Leo lilikuwa na ukurasa wa washairi waliojibizana kwa vina na mizani. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba Vitimbi nayo ni tamthilia. Tamthilia ilikuwa kitabu chenye jalada. Kile kilichotufanya tukimbie kutoka kuchunga kondoo ili tuwahi kiti hakikuwa fasihi, kilikuwa "TV" tu.

Kwa hiyo uhakiki ulifanyika mahali pengine. Kwetu ulifanyika hotelini. Na kwa Kikenya hoteli si mahali pa kulala; ni chumba cha mbao, chai ya maziwa, mandazi, na juu kwenye kona, ndani ya kisanduku chenye vyuma na kufuli, runinga ndogo isiyo na rangi, iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Picha ilikuja na mvua yake ya vitone vyeupe, jambo la ajabu mahali palipo na mtambo. Kijana mmoja alikuwa na kazi ya kutoka nje kuzungusha antena huku akipigiwa kelele: "Hapo! Hapo! Acha! Umepitisha!"

Nilipokuwa mdogo nilidhani wazee walikuwa wanapiga domo tu. Leo naona walikuwa wakifanya kazi ya Clive James bila mshahara. Chukua mfano wa Mzee Ojwang. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, akaigiza Mjaluo kwa lafudhi nzito ya Kijaluo kwa miaka mingi, na alipofariki Julai 2015 nchi nzima ikamlilia kwa jina la uigizaji. Hotelini kwetu chumba kimoja kilikuwa na Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na Waluo wachache wa reli. Siku moja mzee mmoja alimuuliza mama mwenye hoteli:

"Mama, huyu Ojwang ni Mjaluo wa upande gani?"

"Wacha mzee. Huyo si Mjaluo. Huyo ni Wanjau wa kwetu."

"Ala! Basi anatucheka ama anatupenda?" akauliza fundi wa reli, ambaye kwao ni Nyakach.

Kukawa kimya, halafu mabishano yakaanza, yakaenda hadi taa ikaishiwa mafuta. Mmoja alisema mtu hawezi kuigiza lafudhi vizuri namna ile bila kuishi na wenyewe. Mwingine akasema tatizo si Ojwang, tatizo ni kwamba kila kabila kwenye runinga limepewa ujinga wake: huyu mlinzi, huyu mchuuzi, huyu wa kupenda pesa. "Tunacheka pamoja," mama akasema, "lakini kila mtu anamcheka mwenzake."

Sijasoma katika gazeti lolote maneno yaliyoieleza vichekesho vya Kenya vizuri kuliko hayo. Nayo yalipotea na moshi wa jiko. Kipindi chenyewe nacho, kile cha jioni ile, sijui nikitafute wapi. Hapa kwetu hakukuwa na mtu aliyelipwa kutazama. Waulize vijana wa leo juu ya Usiniharakishe ya miaka ya 1970, au juu ya akina Kipanga na Mzee Pembe. Watakuambia wamesikia majina kwa wazazi. Tumebaki na majina na kicheko, bila maelezo.

Mtu anaweza kuniambia: hayo ni ya vichekesho, kuna mambo mazito zaidi. Nakubali. Basi twende kwenye zito.

Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park mchana wa jua kali, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, mbele ya umati usiohesabika. Moi alikaa pale pale na kumkabidhi nchi, huku watu wakimzomea. Vituo vyote vilirusha moja kwa moja. Miaka mitano baadaye, siku ile ile, tarehe 30 Desemba 2007, Samuel Kivuitu alitangaza matokeo katika chumba ambamo KBC pekee ndiyo iliyokuwa na kamera. Muda mfupi baadaye tukaonyeshwa Ikulu. Jua lilikuwa linazama. Mtu yule yule anaapishwa, wageni wachache, haraka haraka. Na kabla usiku haujaingia vizuri, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja.

Niliiona picha hiyo Timboroa, katika chumba chenye watu wa lugha tatu. Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tumefundishwa na miaka mingi ya kutazama KBC kusoma kile kisichoonyeshwa: viti vilivyo wazi, mwanga uliopungua, umati ambao haupo. Kila mmoja aliisoma picha ile kwa upande wake. Tulipotoka nje hatukutoka pamoja kama siku zote. Waliokwenda upande wa juu walikwenda juu, waliokwenda upande wa chini walikwenda chini. Siku zilizofuata barabara ya Nakuru hadi Eldoret ilizibwa kwa mawe na magogo, Burnt Forest ikaungua, na watu niliokunywa nao chai wakalala kwenye mahema Eldoret. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini.

Sisemi mhakiki wa runinga angezuia hayo. Ingekuwa dharau kwa waliokufa. Yaliyotokea yalikuwa na mizizi ya ardhi na siasa iliyopandwa zamani. Ninachosema ni kidogo zaidi. Hesabu za kura za siku ile ziliandikwa, zikachunguzwa na tume, zikajaza vitabu. Ile picha, kitu ambacho mamilioni walikiona kwa macho yao, haikupata mtu wake. Mtu wa kuiweka kando ya picha ya 2002 na kusema kwa lugha nyepesi: tazama jua lilipokuwa wakati ule, tazama lilipo sasa, tazama nani amekaa wapi. Kwa sisi tusiokuwa na fomu za kura mikononi, picha ndiyo iliyokuwa ushahidi wetu wote.

Tangu hapo mambo yamebadilika, lakini kazi bado haijapata kiti chake. Magazeti makubwa sasa yana vituo vyao: Nation Media Group wana NTV tangu 1999, Standard wana KTN. Ni vigumu kumlipa mtu aseme chakula cha jikoni kwako hakina chumvi. Uingereza nako ugonjwa huo upo. Rupert Murdoch alimiliki The Sunday Times na pia akaanzisha Sky mwaka wa 1989. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na magazeti mengine ya kusema. Kwetu miaka ya 2010 Larry Madowo, mwenyewe akiwa mtangazaji wa NTV, aliandika katika Daily Nation safu iliyogusa sana televisheni na vyombo vya habari, na watu wakaipenda na kuichukia kwa kiasi kinachostahili. Lakini safu moja si desturi.

Walioirithi kazi ya hotelini ni watu wa Twitter. Machi 2012 CNN ilipoipaka Kenya nzima rangi ya vurugu kwa sababu ya shambulio la guruneti Nairobi, Wakenya waliijibu kwa #SomeoneTellCNN. Julai 2015, kabla ya Obama kuwasili, CNN ikaiita sehemu hii kitovu cha ugaidi. Wakenya wakarudi na maneno yale yale, kwa kejeli kali zaidi, hadi mkubwa mmoja wa kituo hicho akapanda ndege kuja kuomba radhi. Huo ulikuwa uhakiki wa televisheni, tena ule wenye meno. Kumbe tunaiweza.

Ila tazama mambo mawili. La kwanza, tunaiweza zaidi tukimkosoa mgeni. Februari 2015 vituo vyetu vikubwa vilizimika kwa karibu wiki tatu katika ugomvi wa kuhamia dijitali, na Januari 2018 serikali ikazizima NTV, KTN na Citizen kwa kumwonyesha Raila akijiapisha Uhuru Park. Tulijadili haki na sheria, na tulipaswa. Mara chache tulijadili vituo hivyo vilikuwa vinatuonyesha nini siku vilipowaka. La pili, maneno ya mtandaoni yanaungua haraka kama majani makavu. Ya asubuhi huyaoni jioni. Baada ya miaka 40, mtoto wa Timboroa akitaka kujua tulimcheka Papa Shirandula kwa sababu gani, na kwa nini nchi ilisimama Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, atapata vipande vya video. Sababu ya kicheko hatapata kwenye video.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kawaida kabisa, la mtu wa viazi. Wahariri wa majarida kama haya wampe mtu mmoja ukurasa mmoja kila mwezi atazame. Atazame taarifa ya saa moja usiku, mahubiri ya Jumapili, vipindi vya mama mkwe, matangazo ya sabuni na mijadala ya wanasiasa wanaopigiana kelele. Aandike kwa Kiswahili ambacho fundi wa reli angekielewa. Asiwe wa kituo chochote. Na walimu wa Kiswahili, siku moja katika muhula, wafunge kitabu wawaambie wanafunzi: leo tunahakiki kile mlichokiona jana.

Wale wazee wa hotelini hawakuwa na diploma. Walikuwa na kiti, chai, na mtu wa upande wa pili wa kubishana naye. Kilichokosekana ni mwenye kalamu.